Mkamwana Anaongoza Mkutano

Mimi ni mtoto wa Bulyaga, mjini Tukuyu. Baba alikuwa na duka la nguo na kofia pale, na ukoo wetu ulitoka pwani enzi za babu, kwa hiyo Tukuyu tulikuwa wenyeji kwa kuzaliwa na wageni kwa mambo mengine mengi. Jambo mojawapo lililonishinda utotoni lilikuwa hili. Mama mmoja anatembea na mkungu wa ndizi kichwani, anapiga soga na wenzake, mara anaiacha njia, anaingia kwenye shamba la chai la watu, anachuchumaa na kujifunika kitenge mpaka usoni. Kimya. Mzee anapita. Mzee naye anatazama upande mwingine, anakohoa, anaongeza mwendo. Akishapotea kwenye kona, yule mama anatoka, anajikung'uta majani na kuendelea na hadithi yake palepale alipoikatia.

"Ni mkwewe," mama aliniambia nilipouliza. "Kwao Wanyakyusa, mkamwana hamtazami baba mkwe, hasemi naye, wala jina lake halitaji."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mmoja wao afe. Haya, nenda kaniletee chumvi."

Nilikuja kulikumbuka hilo nikiwa mtu mzima, mwalimu wa chuo kikuu, nimerudi Tukuyu na kundi la wanafunzi wa shahada ya uzamivu. Miaka hiyo soko la nchi lilikuwa limeachiwa huria. Mbolea ya mkopo waliyoizoea wakulima wa chai haikuja tena, wanunuzi wa kila aina walipanda milima na malori yao, na duka la baba lilikuwa limezungukwa na mitumba pande zote. Kila mtu alitafuta cha kuuza. Neno "endelevu" nalo liliingia nchini karibu wakati mmoja na mitumba, na watu walilivaa vilevile, hata lisipowakaa.

Chuo kikuu kilikuwa kinaishi kwa miradi, na mradi wetu ulikuwa wa kuwafunza watafiti wa uzamivu wawe viongozi wa uendelevu. Maana yake, kwa maneno ya kawaida, ni kwamba tulikuwa tumechoka na tasnifu zinazofungiwa kabatini. Tulitaka mtu anayejua kwa nini maji yanakauka ajue pia kusimama mbele ya wenye maji na kuwaongoza mpaka wafanye jambo. Mimi maneno makubwa hunipandisha hasira haraka, na mradi ule ulikuwa nayo ya kutosha, lakini kazi yenyewe niliipenda. Kila mwaka mvua za Tukuyu zilipopungua, yaani ziliponyesha kwa heshima kidogo, tulikuja wilayani Rungwe, na kila mwanafunzi alipaswa kuongoza mkutano mmoja wa kijiji. Ambaye mkutano wake ungevunjika angerudia mwaka unaofuata.

Mkufunzi mwenzangu alikuwa mgeni kutoka Ulaya, mtu mpole mwenye miguu mirefu na koti la mvua la manjano. Somo lake lilikuwa moja, na alilirudia kila asubuhi katika ukumbi wa kanisa tuliokuwa tumeukodi: simama wima, watazame watu machoni, sema kwa sauti yako mwenyewe. Wanafunzi walimwigiza wakati wa chai, naye akacheka pamoja nao. Nilimheshimu kwa hilo.

Mwanafunzi ninayemkumbuka kuliko wote alikuwa mzaliwa wa Lufingo aliyeolewa Kyimo. Alisomea udongo na maji. Darasani alikuwa mbishi wa kupendeza. Ukisema jambo ovyo anakusubiri umalize, kisha anauliza kwa upole, "Umejuaje?" na hapo ujue umekwisha. Yule mgeni alimwona kuwa kiongozi tangu siku ya kwanza, na mimi pia.

Tulikuwa na utaratibu kwamba kijiji ndicho kinachomchagua mwanafunzi wa kukiongozea mkutano. Vijiji vingine vilisema yeyote, mradi mtu aje. Kijiji cha Kyimo alikoolewa mwanafunzi wetu kilimtuma mjumbe wa kamati ya maji, mtu wa haraka, ambaye hakukubali hata kukaa.

"Mzee anasema aje mkamwana wake," alisema. "Aseme habari ya maji."

Nilimfahamu huyo mzee. Tukuyu nzima ilimfahamu kwa kofia yake ya pama, aliyoinunua dukani kwa baba nikiwa bado shule ya msingi. Baba alipenda kusimulia kwamba kofia ile haivuliki. Mzee aliingia nayo benki, akaingia nayo kwa mkuu wa wilaya, na karani alipomwambia aivue alijibu kwamba karani avue kwanza tai yake. Aliivua mbele ya madhabahu na mbele ya kaburi, basi. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maji, na sehemu kubwa ya bonde lenye chemchemi ilikuwa yake.

Hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Viwanda vya chai vilipoanza kununua kuni kwa yeyote anayeleta, yule mzee alipanda milingoti, yaani mikaratusi, bondeni, kwenye udongo uliolowa ambako hakuna kinachokawia kukua. Majirani walipoona, nao wakapanda. Wakati tunafika miche ilikuwa inamfikia mtu kifuani. Mwanafunzi wetu alikuwa amelipima bonde lile kwa misimu kadhaa kwa ajili ya tasnifu yake, na alijua miti ile ikiachwa ikomae itakunywa maji mpaka chemchemi ife. Nyumba zote za mteremko ule zilichota hapo. Hakukuwa na bomba, wala hakukuwa na mtu aliyekuwa ameahidi bomba.

Kwa hiyo mwenye miti mingi kuliko wote ndiye aliyemwita, kati ya wanafunzi wote, yule mmoja asiyeruhusiwa kufungua kinywa mbele yake.

"Huu ni mtego," nilimwambia mwanafunzi wetu. "Anataka mkutano uvunjike."

Ilibidi nimweleze mgeni. Alisikiliza, akafikiri, akauliza kama mzee anaweza kuombwa asije. Nikamwambia bonde ni lake na kamati ni yake. Akauliza kama mwanafunzi mwingine anaweza kuongoza. Kabla sijajibu, mwanafunzi mwenyewe akajibu.

"Wameniita mimi," alisema. "Na maji yale nachota mimi. Nimeanza kuyachota nikiwa bibi harusi."

"Utasemaje sasa?" nikamuuliza.

"Nitakaa nyuma ya migomba. Mama mkwe atasimama mbele, mimi nitamwambia, yeye atawaambia watu."

Mgeni aliniangalia, nikaangalia paa. Kwenye karatasi yake ya alama, kuwatazama watu machoni kulikuwa ndiko kwa kwanza.

Siku yenyewe ilikuwa ya mawingu mazito na Mlima Rungwe haukuonekana kabisa. Mkutano ulifanyika juu ya bonde, kwenye uwanja wa nyasi fupi unaopakana na migomba ya mzee. Ukisimama pale unaiona milingoti yote bondeni, kijani chake cha kupauka tofauti na kila kitu kingine. Wanawake walikaa chini upande mmoja, vijana wakasimama nyuma wameegemea baiskeli, na mbele wakakaa wazee kwenye vigoda vyao. Baba mkwe alifika amevaa koti, viatu vya kanisani vilivyopigwa rangi na ile kofia ya pama. Ndugu zake wa kiume walikaa kando yake, na kwa desturi ile hao nao ni baba wakwe. Mimi na mgeni tulipewa benchi pembeni, mahali ambapo ungeweza kuona pande zote.

Mwanafunzi wetu alikuwa ameshafika zamani. Nyuma ya migomba niliona kipande cha kitenge chake na kisigino kimoja, basi.

Mwenyekiti wa kijiji alifungua mkutano. Mama mkwe akasimama, mama mnene mchangamfu ambaye naamini hajawahi kuogopa kitu, akaligeuzia sikio moja shamba la migomba. Sauti ikatoka humo. Ilieleza kwa utaratibu mzuri jinsi udongo wa bondeni unavyoyashika maji ya masika na kuyaachia kidogo kidogo wakati wa kiangazi. Maelezo yalikuwa marefu na ya uangalifu, na mama mkwe aliyasikiliza mpaka mwisho.

"Anasema udongo ni mzuri," akawaambia watu.

"Mama, sijasema hivyo," ikasema migomba.

"Basi sema polepole. Mimi si redio."

Watu walicheka, na mimi nilicheka, lakini kila alipojaribu tena ikawa vilevile. Jambo likitoka kwenye migomba na vidole vyake vyote, likifika kwa watu limebaki ngumi. Mama mkwe alianza kuongeza ya kwake, habari za ndoo na za jirani anayefulia juu ya chemchemi, na huyo jirani akasimama kujitetea. Kule nyuma vijana wakaanza kugeuza baiskeli zao. Mmoja wao, mwenye miche yake bondeni, akasema kwa sauti ya kutosha, "Mwenye habari kajificha. Sasa hiyo habari tuiamini vipi?"

Hakuna aliyemkemea. Niliona kile kisigino kikijivuta ndani. Nilikasirika mpaka masikio yakapata moto. Nilimkasirikia kijana yule, nikaikasirikia desturi, na zaidi ya yote nikamkasirikia mzee aliyekaa kimya chini ya kofia yake akitazama jambo lote likimomonyoka. Mgeni alikuwa ameinamia karatasi yake bila kuandika.

Ndipo mzee aliposimama.

Nilijua anafunga mkutano, na kila mtu alijua hivyo, kwa sababu kelele zilikoma. Aliinama, akakishika kigoda chake, akatembea nacho polepole mpaka ukingoni mwa uwanja ambapo ardhi inaanza kushuka. Akakiweka chini. Akakaa, ametugeuzia mgongo sisi sote, uso wake bondeni.

"Mimi nakaa hapa," alisema kwa Kiswahili chake kizito cha Kinyakyusa. "Naangalia maji. Mwenye neno aseme."

Kwa muda hakuna aliyeelewa. Kisha ndugu yake mmoja akainuka, akachukua kigoda chake, akaenda kukaa kando yake, mgongo kwetu. Akafuata mwingine. Akafuata mmoja aliyekuwa na fimbo, na mama mmoja akambebea kigoda. Mwishowe palikuwa na safu ya migongo ya wazee ukingoni mwa bonde, makoti ya zamani yaliyonyooshwa kwa ajili ya mkutano, na mahali walipokuwa wamekaa pakabaki wazi, nyasi zimelala.

Nimekaa kwenye mikutano mingi maishani mwangu. Nimewaona wakubwa wakipishana viti, wakinyang'anyana vipaza sauti, wakigombea mstari wa mbele kwenye picha. Sikuwahi kuona mtu mwenye nguvu zote za mahali akizibeba mwenyewe kwa mikono miwili na kwenda kuziweka kando ili mwingine apate pa kusimama. Mgeni aliniuliza kwa kunong'ona kulikoni, nikamwonyesha migomba.

Migomba ikatikisika. Akatoka. Alikuwa bado amejitanda kitenge, akakishusha mpaka mabegani. Alipita mbele ya wanawake, akaja kusimama pale palipoachwa wazi, akiwatazama watu, na migongo ya wazee ikiwa nyuma yake.

"Ndaga," alisema. Ni neno la shukrani huko, na hutumika kwa mengi. Alilisema kwa watu wa mbele yake, lakini kila mtu alijua linakwenda wapi.

Kisha akaanza, kwa sauti tulivu. Hakutumia hata jedwali moja kati ya yale aliyotuchosha nayo darasani. Alizungumza Kinyakyusa na Kiswahili vimechanganyika, nami nikawa namnong'onezea mgeni kadiri nilivyoweza. Aliwakumbusha wanawake lile jiwe walilokuwa wanasimamishia ndoo wakati yeye anaolewa. Maji yalikuwa yanalipita jiwe lile mpaka ukawa unateleza. Sasa jiwe ni kavu, watoto wanalikalia, na ndoo inajazwa kwa kata ukiwa umepiga magoti mbele zaidi. "Nani amelihamisha jiwe?" aliuliza. Wanawake wakaguna. Akaeleza mlingoti unavyokunywa, mmoja mmoja na yote kwa pamoja, kiangazi na masika. Alisema anajua kuni zinalipa ada za shule, na kwamba hakuja kumnyang'anya mtu mlo wake. Palikuwa na mgongo wa mlima juu ya barabara, mkavu, ambako milingoti ingekua polepole zaidi lakini isingemuua mtu. Bondeni akataka irudi mikuyu na matete.

Halafu akafika pale tulipokuwa tunapaogopa. Ilibidi aseme miti ni ya nani. Kila mtu alijua, na asipolisema yeye hakuna ambalo lingesogea, maana majirani walipanda kwa kuwa mzee alipanda. Jina hawezi kulitaja. Kumshitaki mkwe mbele ya kijiji, akiwa amekaa pale pale, ni jambo ambalo hata mimi mtoto wa Bulyaga nisingelithubutu. Manyunyu yakaanza, na watu wakavuta khanga na magunia vichwani. Mgeni akafungua mwavuli, akaona haya, akaufunga.

"Miti iliyo mingi humo bondeni," alisema, "ni ya nyumbani kwangu. Watoto wangu wangesomea kwayo. Kwa hiyo naanza na mimi. Naomba msamaha wa maji."

Alikaa chini palepale kwenye nyasi zilizolowa.

Hakuna aliyesogea. Hata vijana walikuwa wamezilaza baiskeli. Nilisikia manyunyu kwenye majani ya migomba. Kutoka ukingoni, bila kugeuka, sauti ya mzee ikaja.

"Nimesikia. Milingoti yangu iliyo humu inatoka. Ya wenzangu, wakawaulize wake zao wanaochota."

Wanawake walipiga vigelegele ambavyo naamini vilisikika mpaka Bulyaga. Yule kijana aliyekuwa amesema neno baya alitazama miguu yake. Mzee alisimama, akachukua kigoda. Njia ya kwenda kwake ilipita katikati ya uwanja, hatua chache kutoka alipokaa mkamwana, na angepita hapo ingembidi mkamwana akurupuke kujificha mbele ya watu aliotoka kuwaongoza. Mzee aliitazama njia ile kidogo. Kisha akashuka bondeni, na viatu vyake vya kanisani, moja kwa moja kwenye tope, akizunguka kwa chini. Alipofika kwenye miche yake aliushika mmoja kwa mkono ulio wazi, akaung'oa, akautupa, akaendelea. Ndugu zake walimfuata, na yule mwenye fimbo aliteleza, akashikwa, wakaendelea.

Kama alilipanga jambo lile tangu alipomtuma mjumbe, au aliamua pale alipoona aibu inamfika mtoto wake, sijui. Sikumuuliza mtu, na wala sikutaka kujua.

Watu walipotawanyika tulibaki watatu. Mgeni alikuwa na karatasi iliyolowa mapajani. Aliniuliza, kwa unyonge kabisa, ajaze nini penye kuwatazama watu machoni. Nikamwambia ajaze alichokiona. Alikaa nayo muda, akaikunja na kuitia mfukoni, akasema kesho asubuhi hana somo na angependa sisi ndio tumfundishe. Nilimpenda tangu siku hiyo.

Mwanafunzi wetu alikuja kukaa kati yetu kwenye benchi. Kitenge kilikuwa kimelowa chote. Alikuwa hajatazama upande ule wa ukingoni hata mara moja tangu alipotoka kwenye migomba, si wakati wa kuzungumza wala wakati wazee wanaondoka. Mkutano mzima uliona kilichotokea nyuma yake, isipokuwa yeye.

"Mwalimu," alisema, huku akitazama vidole vya miguu yake. "Alikuwa anafanyaje? Nilipokuwa nasema."

Mimi nilikuwa nimeona. Kutoka benchi la pembeni nilimwona tangu neno la kwanza la mkamwana wake mpaka la mwisho, hata manyunyu yalipoanza kudondoka kwenye upara ambao sikuwahi kujua kuwa anao.

"Alivua kofia," nikamwambia.

Alijifunika kitenge mpaka usoni, akainama palepale kwenye benchi, nasi tukamngoja.